SWALI LA BIBI WA MOHORO

Ndugu msikilizaji, Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, maji yakaingia Mohoro hadi ndani ya nyumba. Nilipofika huko, bibi mmoja alinionyesha dimbwi lililojaa vyura, akaniuliza: "Mwanangu, maji haya yanatuharisha. Mbona chura anashinda humo na haumwi?"

Nikamjibu: "Bibi, nitakuulizia." Leo ninalo jibu.

Chura naye huumwa. Lakini damu yake, kama yetu, ina kingamwili, yaani askari wanaomtambua mdudu wa maradhi na kumshika. Maelekezo ya kuwatengeneza askari hao yamo katika jeni. Miaka ya 1980 wataalamu, wakiwamo wa Basel, Uswisi, walizinakili jeni hizo kutoka kwa chura mwenye kucha wa Afrika Kusini, ambaye ndugu yake yupo katika mabwawa ya pwani yetu. Walipandikiza vipande vya jeni ndani ya bakteria. Bakteria walipozaana, vipande navyo vikaongezeka, vikaweza kusomwa.

Ikaonekana kuwa chura huunga vipande vya jeni kupata kingamwili za kila namna, kwa mtindo ule ule wa binadamu, ingawa koo zetu ziliachana miaka zaidi ya milioni 300 iliyopita. Anayo hata kingamwili ya kulinda utumbo.

Hata hivyo, askari hao nao huzidiwa. Mto Kihansi humwaga maji yake Kilombero, na Kilombero humwaga Rufiji, mto huu huu wa Mohoro. Kule Kihansi aliishi chura mdogo asiyepatikana kwingine duniani. Mwaka 2000 maji ya maporomoko yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2003 ukaonekana ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni wenzake wapatao 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Kizazi chao kilianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Je, asingehifadhiwa? Angeondoka na maelekezo yake kabla hatujayasoma. Rai yangu ni kwamba vyura wa bonde la Rufiji wachunguzwe na vijana wetu, katika maabara zetu, wangali hai. Swali limeulizwa Mohoro. Si lazima jibu litoke Basel kila mara.

Na wewe bibi yangu, kingamwili za chura ni zake mwenyewe. Maji tuyachemshe.

Kwa leo naishia hapa.