Keki ya Jibini Isiyookwa na Funzo Lake kwa Daftari la Chama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama, Morogoro)



Mmezoea kuniona nikija kuuliza stakabadhi. Leo nimeombwa niseme juu ya chakula kitamu, na bila shaka baadhi yenu mnajiuliza mkaguzi ameingiaje jikoni. Niliingia kwa mlango wa daftari la fedha, kama nitakavyoeleza.

Milima yetu ya Uluguru ina neema ya matunda. Upande wa Mgeta hutoka plamu, pichesi, peasi na stroberi. Upande wa Matombo na Kinole hutoka mananasi na ndizi. Lakini kila aina huiva kwa wakati mmoja, na stroberi ikishachumwa haingoji kikao cha halmashauri. Mkulima huuza kwa bei anayoitaka mnunuzi, au hutupa. Maziwa nayo tunayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilisaidia kuleta Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe. Kinachokosekana katika nyumba nyingi ni jiko la kuokea.

Ndiyo sababu nimechagua chakula cha Wapolandi kiitwacho sernik na zimno, yaani keki ya jibini ya baridi. Kwao hutengenezwa wakati wa joto, matunda yanapokuwa mengi. Wapolandi si wageni kabisa kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia mwaka 1942, maelfu ya wakimbizi wao waliletwa Tanganyika kwa njia ya Uajemi. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000, na Morogoro pia palikuwa na kambi. Sisemi kwamba wao ndio waliotuachia keki hii. Nasema tu kwamba yafaa kwa hali yetu.

Utengenezaji wake ni huu. Chemsha lita 4 za maziwa hadi yatokote barabara. Maziwa mabichi huleta maradhi, na hapa hapana njia ya mkato. Epua, tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu, mpaka maziwa yakatike. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, kisha ning'iniza kwa muda wa saa moja. Utapata zaidi ya nusu kilo ya jibini laini. Ipitishe katika chekecheke mara mbili ili isiwe na chengachenga.

Saga biskuti gramu 200, changanya na siagi gramu 80 iliyoyeyushwa, kandamiza chini ya sinia yenye kingo. Loweka jelatini gramu 20 katika nusu kikombe cha maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa kwa dakika 10, kisha iyeyushe juu ya maji ya moto bila kuichemsha. Piga jibini pamoja na sukari gramu 150, siagi gramu 100 na kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa, vyote vikiwa vuguvugu, ndipo uongeze jelatini. Mimina juu ya biskuti, panga stroberi zilizooshwa vizuri, funika, na uweke katika jokofu kwa saa 4 au zaidi. Baridi ya usiku wa Nyandira husaidia, lakini keki ya kuuza sharti ikae katika jokofu na iliwe ndani ya siku mbili. Wanachama wenye miiko ya dini watazame pakiti, kwa kuwa jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama.

Sasa nije kwenye daftari. Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Kikundi cha akina mama wa chama hicho kilikuwa kimepokea oda ya sherehe ya kipaimara. Walitengeneza sinia mbili. Ya stroberi iliganda vema. Ya nanasi ilibaki uji, ikamwagwa, na fedha za mteja zikarudishwa. Katibu aliandika maneno matatu: "Hasara, jelatini mbovu." Kutokana na maneno hayo ukazuka uvumi kwamba mtunza hazina alinunua jelatini ya bei rahisi akaficha chenji. Nilipofika, ajenda ya kumwondoa ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Niliomba stakabadhi. Pakiti zote zilinunuliwa siku moja, duka moja, bei moja. Nikauliza zilitumikaje, nikajibiwa kwamba ziliyeyushwa zote katika bakuli moja. Basi kama jelatini ilikuwa mbovu, mbona sinia ya stroberi iliganda? Hakuna aliyejibu, nami sikuwa na jibu. Tulimwendea mwalimu wa sayansi kimu, naye akatufumbua macho: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, na jelatini ni protini. Papai bichi na bivu hufanya vivyo hivyo. Dawa yake ni kulichemsha tunda kwa dakika kadhaa na kulipoza kabla ya kulitumia. Akina mama wakajaribu tena kwa nanasi lililochemshwa, keki ikaganda.

Ajenda ilifutwa na muhtasari ukasahihishwa. Lakini mama yule mtunza hazina aliniuliza, "Bwana Mkaguzi, daftari limesahihishwa, na midomo ya watu je?" Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu Makatibu, andikeni kilichotokea, si mnachokidhani. "Sinia ya nanasi haikuganda, sababu bado kuchunguzwa" ni maandishi ya kweli, wala hayamvunjii mtu heshima.

Tena, andikeni gharama zote: maziwa na ndimu hata kama vimetoka nyumbani kwa mwanachama, mkaa, umeme wa jokofu, nauli na saa za kazi. Gawanyeni jumla hiyo kwa vipande vilivyouzwa, si vilivyokatwa. Kikundi kisichohesabu maziwa ya wanachama wake kitaona faida katika daftari huku wanachama wakizidi kuwa maskini.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ni kweli kwa jelatini, na ni kweli zaidi kwa kalamu ya katibu.