Daftari la Katekista: Nani Aliongoza Karema?



Nianze na boma. Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika walilijenga Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, wakakabidhiwa mwaka 1885. Ng'ambo ya ziwa, Mpala, Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alilinda vijiji dhidi ya wateka watumwa. Ukristo ulifika huku na viongozi wa aina mbili, mwenye kanzu na mwenye bunduki. Wa tatu alishuka Karema mwaka 1889.

Adrien Atiman alitokea upande wa Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, wamisionari wakamkomboa Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliyetaka Afrika iinjilishwe na Waafrika wenye kazi mkononi, akampeleka Malta kusomea udaktari. Hakuwa padre, alioa, akalea. Alikaa Karema miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956. Maaskofu walipokezana, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia, naye yumo tu, anatibu na kufundisha dini, na mizizi na majani ya wenyeji ameshajifunza.

Mtu angeweza kumwita msaidizi wa misheni. Nalikataa neno hilo. Padre alikuwa na daraja. Atiman mamlaka yake yalitoka ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa. Uliyepasuliwa jipu usiku wa manane huhitaji waraka wa askofu kukuambia umsikilize nani.

Je, uongozi wa namna hizi mbili, wa daraja na wa huduma, hukaa pamoja bila kukwaruzana? Haukai, wala sioni haja ya kuufunika mkwaruzo. Niliwahi kuhudhuria kikao cha kigango kimoja, masika, mto umefurika, padre kakwama parokiani. Alikuwa ameagiza fedha za mavuno zinunue mabati. Akasimama mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo (zile ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, AMECEA, walizipa kipaumbele mwaka 1976, nadhani bila kumtazamia mama huyu), mtoto mgongoni.

“Baba paroko atusamehe, mabati hayaliwi. Kwa bibi pale bondeni kuna wajukuu wanne, na ghala tupu.”

Wazee wakatazama chini. Katekista akakohoa, akafungua daftari, akapiga mstari juu ya neno “mabati,” akaandika: mahindi, debe mbili. Chini yake akaongeza, kwa herufi ndogo: tumeamua wote.

Padre alifika baada ya wiki tatu. Alisoma, akakasirika, tena waziwazi: agizo ni agizo, na paa linavuja. Mama naye hakurudi nyuma. Wakabishana palepale uani, mpaka padre akafunga daftari na kuuliza njia ya bondeni ni ipi.