Begonia Huuawa na Maji Kuliko Kiu

 

Najua wengine mtacheka mkisikia bwana shamba leo anazungumza habari za maua ya ndani, na huku mahindi yanangoja palizi. Chekeni, lakini msizime redio. Katika sehemu zenye baridi, kama Lushoto na miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ua la chunguni laweza kumpatia mkulima fedha ya sabuni na daftari za watoto wakati shamba bado halijatoa kitu. Begonia ni mojawapo ya maua hayo. Haitaki ekari. Inataka ukuta wa nyumba wenye kivuli, makopo machache na mkono usio na haraka. Taabu ni kwamba mtu hununua mche mmoja kwa fedha ya jasho lake, akaupenda, akaunywesha asubuhi na jioni, na mwezi haujaisha mche umekwisha kuoza.

Basi tuanze na huko inakotoka. Begonia ni jamii kubwa, aina zake zapita 2,000, na nyingi huota katika misitu yenye unyevu ya Amerika, Asia na Afrika. Hata misitu ya milima yetu ya Afrika Mashariki inayo begonia yake, ile inayopanda juu ya miti. Hebu fikirini mahali pale: jua limechujwa na majani ya miti mikubwa, hewa ina unyevu, na chini kuna majani yaliyooza, mepesi kama pamba. Mvua ikinyesha, maji hupita yakaenda zake. Hayatuami. Ukiweza kuiga hali hiyo ndani ya kopo, umemaliza nusu ya kazi.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Mizizi nayo huvuta hewa. Udongo ukilowa siku zote, hewa hutoka, mizizi huoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Ndipo utaona majani yananyauka ingawa udongo ni tope. Mwenye mche akiona umenyauka husema, "Una kiu huu," akaongeza maji. Hapo amekwisha kuumaliza. Kwa hiyo, kabla ya kushika kopo la maji, shika udongo kwanza. Ingiza kidole hadi pingili ya kwanza. Kikitoka na unyevu, acha mpaka kesho. Kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi, penye udongo na si juu ya majani, mpaka maji yatokeze chini. Kisha mwaga yale yaliyobaki katika kisahani. Usifuate kalenda. Wakati wa masika mche waweza kukaa siku nyingi bila kuhitaji tone, na wakati wa kiangazi ukahitaji mara nyingi.

Dalili nazo hutofautiana. Kingo za majani zikikauka na kuvunjika kama karatasi, hewa ni kavu mno au maji hayatoshi. Majani yakiwa njano na shina likilegea na kuwa jeusi karibu na udongo, hiyo ni kuoza. Usihangaike na dawa. Kata ncha iliyo nzima, uipande upya, na udongo ule usiutumie tena kwa miche.

Kuhusu chombo, kopo la mafuta ya kula lafaa kabisa, ila litoboe matundu manne au matano chini. Kopo la dawa ya wadudu usilitumie hata kama umelisafisha mara kumi. Wengi hupenda kujaza kokoto chini wakidhani maji yatatoka upesi. Hazisaidii, hupunguza tu nafasi ya mizizi. Weka kigae kimoja juu ya tundu ili udongo usimwagike, yatosha. Changanya debe mbili za udongo mzuri wa juu, debe moja ya mboji iliyooza sawasawa na debe moja ya mchanga wa mtoni. Wala usichague chombo kikubwa kwa kudhani unaupa mche raha. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji.

Mahali pazuri ni dirishani panapopata jua la asubuhi, au barazani. Jua la mchana huunguza majani. Ndugu zetu wa pwani wataona kazi zaidi, hasa kwa zile begonia zenye viazi chini, ambazo hazipendi joto. Wao wachague zenye shina refu lenye pingili kama muwa.

Hizo za pingili huzaa kwa urahisi. Kata kipande cha sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya pingili, ondoa majani ya chini na maua, kisha chomeka katika mchanga wenye unyevu kivulini. Mizizi hutoka kwa wiki tatu au nne hivi.

Lakini kinachonifurahisha mimi ni zile za majani makubwa ya rangi rangi, maana hizo hazihitaji shina. Chukua jani moja zima, si changa wala si zee. Ligeuze, kata mishipa yake mikubwa kwa wembe safi mahali pachache. Lilaze juu ya mchanga wenye unyevu, upande uliokatwa ukigusa mchanga, uligandamize kwa vijiwe vidogo, na ulifunike kwa mfuko wa nailoni unaopenyeza mwanga. Ufunue kidogo kila siku hewa ipite. Baada ya wiki sita hadi nane utaona vimche vinachipua pale ulipokata. Jani moja laweza kukupa miche kadhaa! Kwa hiyo usinunue miche kumi. Nunua mmoja wenye afya, ngoja.

Adui wengine ni ubwiri unga, ule unaoonekana kama unga mweupe juu ya majani. Ondoa majani yaliyoshikwa, panua nafasi kati ya vyungu hewa ipite. Vidung'ata wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na weka vyungu mbali na watoto wadogo na mbuzi, kwani utomvu wa begonia huwasha mdomo, hasa ule wa viazi na mizizi yake.

Msiingie katika misitu ya hifadhi kung'oa begonia za porini mpate kuziuza. Ni kosa kwa sheria, na mmea wa msituni mara nyingi hufa ukiletwa barazani. Kabla ya kujaza ukuta mzima, peleka vyungu vitano barabarani au kwa wenye hoteli, uone vinanunuliwa vipi. Na usiuze mche ambao haujashika mizizi. Uvute kidogo kwa vidole. Ukikaza, umekuwa tayari kwa mteja.

Wiki ijayo, saa kama hizi, tutaeleza namna ya kutengeneza mboji yenyewe. Kwaherini.