Jina la Faili Kabla ya Intaneti: Utunzaji wa Video na Uhariri wa Mbali kwa Vikundi Vidogo vya Filamu Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa mafaili ya video na uhariri wa mbali. Istilahi mnazijua, nazipitia haraka. Faili halisi ni lile linalotoka kwenye kadi ya kamera. Proksi ni nakala yake nyepesi ya kuhariria. Uhariri wa mbali ni pale picha zinapobaki Mbagala na mhariri yuko Tegeta.

Wengi huniambia kikwazo ni intaneti. Tupige hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Kuzipandisha kwa laini yenye kasi halisi ya megabiti 5 ni saa 20, umeme usikatike na bando lisiishe. Proksi ya megabiti 2 haifiki gigabaiti 1 kwa saa ya picha, na laini ileile huipandisha kwa dakika 24. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, kazi ilisimama kweli. Siku za kawaida, intaneti tuliyonayo inatosha kwa proksi.

Tatizo letu ni majina ya mafaili. Nimelisema katika warsha zilizopita na leo nalirudia, maana bado linatuua.

Kamera nyingi za Sony huita klipu ya kwanza C0001. Kama imepangwa kuanza upya kila kadi inaposafishwa, kila kadi italeta C0001 yake. Siku ya tatu ya upigaji kikundi kina C0001 tatu au zaidi, kila moja kwenye folda yake ndogo, zote ndani ya folda moja iliyoandikwa "mpya". Proksi zinatengenezwa, zinapelekwa Tegeta. Mhariri anakata filamu nzima, anarudisha faili la mradi, jepesi kiasi cha kupita WhatsApp. Mbagala wanalifungua kwenye Premiere Pro au DaVinci Resolve ili liunganishwe na mafaili halisi. Programu inatafuta kwa jina, inakuta matatu, na huweza kuchukua lisilo lake. Mama aliyekuwa analia msibani anatokea akipanda daladala. Au mtu ameshayabadili majina ya mafaili halisi baada ya proksi kuondoka, kwa nia njema kabisa, na skrini nzima inakuwa nyekundu.

Nimekaa na vikundi vya Temeke na Kinondoni vikitafuta picha mojamoja kwa macho, usiku kucha, kwa filamu iliyokwisha kuhaririwa. Inauma, kwa sababu dawa yake ni dakika kumi za siku ya kupiga picha. Kwa heshima zote kwa vyuo na mamlaka zetu, mafunzo tunayotoa yameegemea kamera, taa na uigizaji. Kadi anakabidhiwa kijana aliyekuja kubeba stendi.

Zama za DVD zilitujengea mazoea haya ya kutojali mafaili. Masta ilipelekwa Kariakoo kwa msambazaji, mara nyingi pamoja na haki zote, na diski ya nyumbani ikafutwa ili filamu inayofuata ipate nafasi. Leo kituo cha televisheni kikiomba kazi ileile kwa vipimo vingine, asiye na mafaili halisi hana cha kutoa.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kila kikundi kiteue mtu mmoja wa kadi, alipwe, na jina lake liandikwe kwenye filamu. Klipu zipewe jina jipya mara tu zinapotoka kwenye kadi, kwa tarehe, herufi ya kamera na namba ya kadi: 250614_A_K03_C0001. Jina hilo lisiguswe tena na mtu yeyote, hata mwongozaji. Proksi zitengenezwe baada ya kubadili majina, kamwe si kabla, nazo zibaki na jina, taimukodi na idadi ya njia za sauti za faili halisi. Kamera ipangwe kuendeleza namba badala ya kuanza upya. Kadi isisafishwe mpaka nakala mbili ziwe kwenye diski mbili, zimehakikiwa kwa programu kama TeraCopy, na diski hizo zilale nyumba mbili tofauti. Proksi zikipita WhatsApp zitumwe kama dokumenti, kwani zikitumwa kama video hubanwa na kuharibika; kwa njia hiyo faili moja lisizidi gigabaiti 2. Zikizidi, bodaboda na flashi ni njia halali kabisa.

Narudia: jina kwanza, proksi baadaye.

Kwa Bodi ya Filamu Tanzania na Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA), naomba kwa unyenyekevu kwamba anayeleta kazi kukaguliwa au kusajiliwa apewe karatasi moja ya mwongozo wa kutunza mafaili. Waendesha mafunzo watenge siku nzima ya kadi na diski. Na kila mkataba, hata wa kuandikiana kwa mkono kati ya ndugu, utaje nani anakaa na mafaili halisi, kwa muda gani, na nani ananunua diski.