Mlima, Mto na Ufuko



Nimeombwa niseme juu ya vijiji vya mapumziko, vile ambavyo mgeni huamka milimani na jioni akaoga baharini. Wengi hudhani mambo hayo ni ya Ulaya tu. Sisi tunayo. Kutoka Bagamoyo, ukipita Msata na Chalinze, safari ya asubuhi moja inakufikisha Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Na Mto Ruvu, unaotoka huko juu, humwaga maji yake karibu na Bagamoyo hiyo hiyo.

Lakini mjenzi wa pwani hutazama bahari tu, mto akaupa kisogo. Mchanga wa ufuko huletwa na mito! Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, mahoteli yalijengwa karibu na mwaka 1970, magazeti yakibishana kama utalii na ujamaa vyapatana. Baadaye watu wakachimba mchanga wa kujengea katika vijito vya jirani. Bahari ikala ufuko hata hoteli moja ikaachwa gofu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 za ufukoni zisijengwe. Vema, na mvuvi apate pa kuvutia ngalawa yake. Ila mita 60 hazizuii lori la mchanga huko bondeni.

Mwalimu wa jiografia, tafadhali wapeleke vijana Ruvu muhula huu. Nauli ya basi tutaichanga leo, kabla ya chakula.