Lisha Maji Kwanza, Uduvi Baadaye

Haya ni mazungumzo ya mkulima mmoja wa chumvi wa pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Aliwaeleza wenzake wa kikundi namna ya kuwalisha uduvi wa chumvi.



Leo sisemi juu ya chumvi. Nasema juu ya mdudu anayeishi ndani ya maji ya chumvi. Sisi tunamwita uduvi wa chumvi. Wataalamu wanamwita atemia.

Wengi wenu mmemwona. Akikomaa ana urefu wa sentimita 1 hivi. Anaogelea chali, miguu juu. Hapa kwetu yeye ni mgeni. Aliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1980, akatiwa katika mabwawa makubwa ya chumvi ya upande huu. Akapazoea.

Ana faida gani? Mtoto wa samaki ana kinywa kidogo sana. Mtoto wa kamba vilevile. Wanataka chakula kidogo kilicho hai. Mtoto wa uduvi anawafaa sana. Kwa hiyo mayai makavu ya uduvi yanauzwa katika nchi nyingi, tena kwa bei kubwa. Uduvi mkubwa naye ni chakula kizuri cha samaki.

Basi mimi nikasema, nitafuga. Nikachimba bwawa, nikatia maji safi ya chumvi, nikaweka uduvi. Baada ya siku chache wakapungua. Mwisho wakaisha wote. Kumbe nimewaua kwa njaa! Nilidhani uduvi anakula chumvi.

Uduvi hali chumvi. Anakula mimea midogo sana iliyo ndani ya maji. Mmea mmoja hauonekani kwa macho. Lakini ikiwa mingi, maji yanageuka rangi ya kijani. Maji hayo ya kijani ndiyo ugali wa uduvi. Anayachuja kwa miguu yake mchana na usiku.

Mimea hiyo inataka nini? Inataka jua na mbolea, kama mahindi shambani.

Niliposikia hivyo nikafanya kosa la pili. Nilinunua gunia zima la mbolea ya kuku nikalimwaga lote. Maji yakawa kijani kizito. Nikafurahi. Alfajiri moja jirani yangu akaniita: "Shemeji, njoo uone, uduvi wako wamekuwa wekundu!" Nikaenda mbio. Wote walikuwa juu ya maji, wekundu. Jua lilipopanda, wengi walikuwa wamekufa. Fedha ya mbolea ilikwenda, na kazi ya mwezi mzima ilikwenda.

Sababu yake ni hii. Mchana mimea ile inatoa hewa ya oksijeni ndani ya maji. Usiku inaivuta. Mbolea inayooza nayo inaimaliza hewa hiyo. Mimea ikizidi na mbolea ikizidi, alfajiri uduvi wanakosa pumzi. Uduvi akikosa pumzi damu yake inazidi kuwa nyekundu. Ukiona wekundu, acha mbolea mara moja. Ingiza maji mapya na uyakoroge.

Sasa nawaeleza tunavyofanya siku hizi.

Kwanza, tuna mabwawa mawili. Bwawa dogo ni la kuotesha maji ya kijani. Tunalijaza maji ya bahari, tukiyachuja kwa kitambaa ili samaki wasiingie. Bwawa la pili ni la uduvi. Maji yake yana chumvi nyingi, gramu 80 au zaidi katika kila lita. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya bahari. Samaki wengi hawawezi kuishi humo, lakini uduvi anaweza.

Pili, tunatia mbolea kwa kipimo. Tunatumia mbolea ya kuku iliyokauka. Bwawa la mita 10 kwa mita 10 tunalianzia kilo 5. Tunaitia katika gunia na kulitumbukiza majini, ili takataka zibaki ndani. Baadaye tunaongeza kilo 1 kila baada ya siku mbili au tatu. Ukishika mbolea, nawa mikono kwa sabuni.

Tatu, tunangoja. Maji yakiwa kijani, tunayaingiza kidogo kidogo katika bwawa la uduvi. Jua linapunguza maji kila siku, nasi tunayajazia. Usiyatie mengi kwa mara moja, chumvi itapungua na samaki wataweza kuishi humo.

Nne, tunapima. Chukua kifuniko cheupe cha kopo. Kipigilie kwenye ncha ya fimbo. Weka alama za sentimita kwenye fimbo. Kizamishe polepole mpaka kisionekane. Kikipotea kati ya sentimita 20 na 40, chakula kinatosha. Kikipotea kabla ya 20, mimea imezidi, usiongeze mbolea. Kikionekana hata baada ya 40, chakula ni kidogo. Lakini maji yakiwa na matope kipimo hiki kitakudanganya.

Tano, maji yasiwe ya kina kifupi. Yafike sentimita 40 au zaidi. Yakiwa machache yanapata moto sana, na jua linafika chini. Hapo unaota ukoga sakafuni. Ukoga ule ni mkubwa, uduvi hawezi kuula. Sisi tunapitisha reki chini ya bwawa ili usishike.

Utajuaje kama uduvi ameshiba? Mtie katika gilasi, uitazame kwenye mwanga. Ukiona mstari mweusi au wa kijani katikati ya mwili, ameshiba. Usipouona, ana njaa. Akila vizuri, anakomaa kwa wiki mbili au tatu.

Neno moja zaidi. Msivue uduvi kwa chandarua chenye dawa ya mbu. Dawa ile inaua uduvi, inaua na samaki. Mwenzetu mmoja alikiosha chandarua kipya bwawani, akapoteza wote.

Ndugu zangu, mimi nilitaka uduvi kabla ya chakula chao. Kisha nikataka chakula chote kwa siku moja. Mara zote mbili nilipata hasara. Haraka haraka haina baraka. Anza na ndoo moja ya maji ya kijani. Ukiijua ndoo, utalijua bwawa.

Haya, mwenye swali aulize.