Sindano na Uzi: Macho Baada ya Miaka 40



Mhadhara wa macho ukitangazwa, watu huja wakitarajia habari za upofu. Mimi nimekuja na habari za sindano.

Mtazameni fundi cherehani aliyevuka miaka 40. Anaulamba uzi, anausokota ncha, analikosa tundu mara mbili, kisha anamwita kijana wake amtungie. Kitambaa cheusi hakipokei tena jioni. Mwambie kuhusu miwani atakujibu, "Ya nini, nami sisomi?"

Ndani ya jicho mna lensi ambayo misuli huifanya inenepe tunapotazama cha karibu. Hukakamaa kidogo kidogo tangu ujanani, na kwenye miaka 40 hivi hainenepi tena vya kutosha. Ndipo tunapoanza kuisogeza simu mbali. Karoti hazitailainisha. Wanaosema ukianza kuvaa miwani huiachi wamesema kweli, ila sababu wameikosea: lensi ingeendelea kukakamaa hata miwani ingebaki dukani.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 wana tatizo hili bila kupata msaada. Hasara yake imepimwa shambani. Huko Assam, India, wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea waligawanywa makundi mawili kwa kura. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa waliopewa miwani waliwazidi wenzao kwa takriban asilimia 22 katika ongezeko la chai waliyochuma. Bangladesh, katika utafiti uliotoka mwaka 2024, kipato cha kati cha mwezi cha waliopewa miwani kilipanda kutoka dola 35.3 hadi 47.1 ndani ya miezi minane. Chai haisomwi, jamani.

Kwa hiyo siwalaumu wamachinga wanaotembeza miwani ya kusomea stendi. Wenzangu wa taaluma watanuna, lakini kwa tatizo hili miwani ya namna hiyo inafaa, mradi mtu aijaribu kwa kazi yake na kwa umbali anaoifanyia.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Umri huohuo ndio presha ya macho huanza kunyemelea, nasi Waafrika hutupata mapema na kwa ukali zaidi. Kwa kawaida haiumi. Hula uoni wa pembeni kwanza, na mshipa wa fahamu ukishakufa haufufuki. Mtu aliyenunua miwani akaona vizuri hana sababu ya kwenda kupimwa, hata kama mzazi wake alipofuka kwa ugonjwa huo. Na wako wanaojitibu macho mekundu kwa matone yenye steroidi, yaliyobaki kwa jirani; matone hayo yakitumika kwa muda mrefu yanaweza yenyewe kupandisha presha.

Ninachopendekeza hakihitaji jengo jipya. Kila zahanati iwe na boksi la miwani ya nguvu mbalimbali, kadi ya kupimia uoni wa karibu, na sindano na uzi kwa wasiosoma. Anayepewa miwani apewe papo hapo na rufaa ya kupimwa presha na kuchunguzwa mshipa wa jicho. Na muuguzi, kabla ya kuuliza kama mtu anajua kusoma, amuulize anafanya kazi gani.